Ua lisilo na petali linawezaje kuwa ndugu wa waridi?

Swali la msomaji wa Usa River, Arusha:

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye shamba la maua huku Usa River, sehemu ya kupanga mawaridi kwa madaraja kabla hayajafungwa kwenda uwanja wa ndege. Mdogo wangu ni mgumu wa mlimani Kilimanjaro, anabeba mizigo ya wageni njia ya Marangu. Safari iliyopita alipiga picha mmea mmoja unaotambaa kando ya kijito, juu kidogo ya kituo cha Horombo. Majani yake ni ya duara, yana meno pembeni na yamekunjwakunjwa. Maua ni ya kijani, madogo kiasi kwamba ukipita haraka huyaoni. Kiongozi wao aliwaambia wageni kuwa mmea ule ni wa familia ya waridi. Mimi nashika mawaridi kila siku ya kazi, nikakataa. Hauna petali, hauna miba, hauna harufu. Je, kiongozi alikosea? Na kama hakukosea, mmea ule unaishi miaka mingapi, na naweza kuuotesha nyumbani?"

Marahaba, dada. Kiongozi hakukosea. Kwa jinsi ulivyoueleza, huo ni mmea wa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) ya Alchemilla, na jani la duara lililokunjamana pamoja na makazi ya kando ya kijito yananifanya nielekee kwa Alchemilla johnstonii, ambayo ni ya kawaida sana katika ukanda huo wa Kilimanjaro. Jenasi nzima imo ndani ya familia ya waridi, Rosaceae, na haimo kwa kubahatisha. Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea mingi majina yake ya kisayansi, aliiandika mwaka 1753, na siku hizi tunaposoma vinasaba tunaona ni kweli imo humo.

Unachouliza ni kwa nini, na hilo ndilo linalonifurahisha, kwa sababu kazi yako inakupa vifaa vya kujionea jibu mwenyewe. Kesho kazini chukua waridi moja ambalo limekataliwa, lenye shingo iliyopinda au petali zilizochubuka. Ng'oa petali zote, kisha chukua wembe upasue ua kwa urefu, kuanzia juu katikati hadi kwenye kikonyo. Ule uvimbe wa kijani unaouona kila siku chini ya ua, ambao nadhani hukuwahi kuuangalia kwa makini, una uwazi ndani. Ni kikombe. Chini kabisa ndani ya kikombe zimo ovari ndogo nyingi zenye manyoya, na vichwa vyao vya kupokelea chavua vimechomoza kupitia mdomo wa kikombe. Kwenye ukingo wa kikombe zimesimama stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua; nje yake zilikuwa petali ulizong'oa, na nje kabisa zipo sepali tano za kijani.

Angalia tena mpangilio huo. Petali na stameni hazikuota chini ya ovari, kama ilivyo kwa maua mengi mengine. Zimeota kwenye ukingo wa kikombe. Kikombe hicho ndicho alama kubwa ya familia hii. Petali zimeshikizwa ukingoni tu. Zikiwapo au zisipokuwapo, kikombe kinabaki.

Tena petali za waridi si shahidi wa kutegemea hata kwa waridi lenyewe. Waridi la porini lina petali tano, basi. Hizo nyingi unazozihesabu kwenye maua ya shambani kwenu ni stameni zilizogeuka kuwa petali, mabadiliko ambayo wakuzaji wa maua wameyachagua na kuyaendeleza kwa karne nyingi. Ukichambua ua lililofunguka vizuri utakuta katikati vitu ambavyo havijaamua: upande mmoja petali, upande wa pili kifuko cha chavua. Ikiwa ndani ya shamba moja idadi ya petali inatoka tano hadi makumi, na bado yote tunayaita mawaridi bila kusita, hatuwezi kuugeukia mmea wa Horombo na kuukatalia undugu kwa sababu ya petali peke yake.

Sasa twende kwenye ua la Alchemilla. Hapa utahitaji lenzi ya mkono, ile ya kukuza mara kumi, kwa sababu ua zima lina upana wa milimita chache tu. Ukiliweka chini ya lenzi, kitu cha kwanza kuonekana ni kikombe. Kina umbo la mtungi mdogo: tumbo limetuna, shingo imebanwa. Mdomo wa mtungi umezungukwa na pete nene ya nyama, ikiacha tundu dogo katikati. Kwenye ukingo zipo sepali nne, na katikati ya kila sepali mbili kuna sepali nyingine nyembamba iliyosogea nje kidogo, hivyo unapata nyota ya ncha nane, nne kubwa na nne ndogo. Stameni ni nne, fupi. Petali hamna. Hazikudondoka, hazikuliwa na wadudu. Hazikutengenezwa kabisa tangu kichipukizi cha ua kilipoanza.

Ndani ya mtungi imo ovari. Alchemilla za Ulaya huwa nayo moja; hizi za milima ya Afrika mara nyingi zina zaidi ya moja. Ua likikomaa, kila ovari inakuwa tunda dogo kavu lenye mbegu moja, na linabaki humo ndani. Waridi nalo ukiliacha mtini hufanya hivyo hivyo: kikombe kinatuna, kinakuwa chekundu au cha rangi ya chungwa, na ndani yake unakuta vitu vigumu vyenye manyoya ambavyo watu huviita mbegu. Kwa kweli ni matunda makavu, kila moja na mbegu yake. Kwa hiyo tofauti iliyopo kati ya tunda la waridi na la Alchemilla ni kwamba la waridi limenona na kupata rangi ili ndege walile, na la Alchemilla limebaki kijani na kukauka.

Nilisema Alchemilla ni ndugu wa waridi. Ukitaka ndugu wa karibu zaidi, mtafute kwenye stroberi. Nenda sokoni utafute stroberi ambayo bado ina kikonyo chake. Ile kofia ya kijani juu ya tunda ina sepali tano, na kati yake kuna nyingine tano za nje. Hicho ndicho kile kile ulichokiona kwenye nyota ya ncha nane, ila stroberi inahesabu kwa tano na Alchemilla inahesabu kwa nne. Waridi halina safu hiyo ya nje. Tena kijiti kinachobeba kichwa cha kupokelea chavua, kwa stroberi hutokea ubavuni mwa ovari, na kwa Alchemilla hutokea chini karibu na kitako chake. Wataalamu wa mimea waliyaona haya kwa macho na lenzi zamani, na uchunguzi wa vinasaba ukaja kuthibitisha: Alchemilla iko kwenye kundi dogo moja na stroberi, na kundi hilo liko kwenye tawi moja kubwa na waridi. Tufaa, plamu na fyulisi wako kwenye tawi jingine la familia. Maana yake, dada, huu mmea wa kijani unaokanyagwa na wageni bila kuonekana uko karibu na waridi lako kuliko tufaa lilivyo karibu na waridi.

Wapo viongozi wa mlima, wazuri tu na wenye kuipenda kazi yao, wanaowaeleza wageni kwamba mmea huu ulipoteza petali kwa ajili ya baridi na upepo wa juu. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, lakini siyakubali. Alchemilla za Ulaya zinaota kwenye malisho ya ng'ombe mahali pa chini kabisa, nazo hazina petali. Ndugu zake wa mwaka mmoja, ambao ni magugu ya mashamba ya ngano huko huko Ulaya, hawana petali. Za milima ya Andes, Amerika Kusini, vilevile. Jambo walilo nalo wote walilirithi kwa babu yao, kabla mmoja wao hajafika Kilimanjaro. Isitoshe, hapo hapo Horombo kuna mimea ya Helichrysum yenye vichwa vyeupe na vya njano vinavyong'aa juani, na lobelia kubwa, Lobelia deckenii, inaficha maua ya buluu kati ya majani yake. Baridi ni ile ile, na rangi zipo. Alchemilla ilikuja mlimani ikiwa tayari haina petali.

Sasa majani, kwa sababu ndiyo utakayoyaona kwa urahisi kuliko maua, na kwangu mimi ndiyo uzuri wa mmea huu. Kabla ya yote, rudi kwa waridi lako. Chukua jani moja la waridi, jani zima na vijani vyake vitano au saba, uangalie pale kikonyo kinaposhikana na shina. Pembeni mwa kikonyo kuna mabawa mawili membamba ya kijani yaliyogandamana nacho, yakaishia kwa ncha mbili. Hizo ni stipuli. Mimea mingi ina stipuli, lakini kwa waridi zimeungana na kikonyo kwa sehemu kubwa ya urefu wake, na hiyo ni tabia ya ukoo. Mwambie mdogo wako safari ijayo afunue kidogo jani la Alchemilla, bila kuling'oa, apige picha pale linapotokea. Atakuta stipuli zimeungana na kikonyo vivyo hivyo, kisha zimeendelea kuzunguka shina zikalifunga kama ala. Kwenye matawi ya zamani ala hizo zimekauka, zimekuwa za kahawia, na zimepangana moja juu ya nyingine hadi shina lenyewe halionekani.

Umbo la jani hutofautiana kwa spishi. Kwa A. johnstonii ni la duara au la figo, limegawanyika juujuu tu, na kila sehemu ina meno yaliyolingana. Kabla halijafunguka linakuwa limekunjwa kwenye mistari ya vena zake, na mikunjo haipotei yote hata likishakomaa. Ndiyo hiyo uliyoiona kwenye picha. Mwenzake wa mlima huo huo, A. argyrophylla, ni kichaka kidogo chenye matawi magumu, jani lake limegawanyika kwa kina, na limefunikwa nywele laini za rangi ya fedha. Mtu akilipapasa anadhani ni hariri. Nywele hizo zina kazi: hurudisha sehemu ya jua kali la mwinuko ule, na hushika tabaka jembamba la hewa juu ya ngozi ya jani. Ipo pia A. volkensii, na nyingine nyembamba zinazotambaa chini ya vivuli kwenye ukingo wa msitu. Kuzitenganisha zote kunataka lenzi na subira, na picha ya simu iliyopigwa kwa kusimama haitoshi.

Mdogo wako, kwa kuwa wagumu huamka kabla ya wageni, ana nafasi ya kuona kitu ambacho wengi hawakioni. Alfajiri, kabla jua halijapiga, kwenye ncha ya kila jino la jani la Alchemilla hukaa tone la maji. Si umande. Umande huanguka popote kwenye jani, lakini matone haya yamepangwa pembeni kwa utaratibu, moja kwa kila jino, kwa sababu yametoka ndani. Usiku hewa inapokuwa na unyevu mwingi, jani halipotezi maji kwa njia ya mvuke, ilhali mizizi inaendelea kusukuma. Maji yanayozidi hutokea kwenye vitundu maalumu vilivyo kwenye ncha za meno. Stroberi hufanya hivyo pia. Kama kwenye kitalu nyumba cha jirani wanaotesha stroberi, pita asubuhi na mapema ukaone. Huko Ulaya ya zamani watu waliojaribu kugeuza madini kuwa dhahabu waliyakusanya matone hayo wakidhani yana nguvu ya pekee. Mimi nayaona ni maji ya mmea tu, na kuyaona kwangu kunatosha.

Umeuliza mmea unaishi miaka mingapi. Huu ni mmea wa kudumu, si wa kuota, kuchanua na kufa ndani ya mwaka mmoja. Lakini sitakupa hesabu ya miaka, na sababu yake iko kwenye namna unavyokua. Shina linatambaa juu ya udongo, na pale linapogusa unyevu linashusha mizizi mipya kwenye vifundo vyake. Sehemu ya nyuma inazeeka na kuoza, ya mbele inaendelea. Ukikata katikati unapata mimea miwili inayojitegemea. Kwa hiyo zulia la kijani unaloliona kando ya kijito linaweza kuwa mmea mmoja ulioanzia mahali ambapo leo hauna hata mzizi. Umri wa shina moja tunaweza kuujadili. Umri wa mmea mzima hauna mwanzo unaoonekana.

Alchemilla za Ulaya hufa juu wakati wa baridi, zikabaki mashina ya chini ya ardhi, na masika yao yakifika huchipua upya. Za Kilimanjaro haziwezi kuishi hivyo, kwa sababu majira ya baridi kwao hayaji mara moja kwa mwaka, yanakuja kila usiku. Juu ya mita 3,700, mwinuko wa Horombo, mchana jua huchoma ngozi na usiku ardhi inaweza kuganda, mwezi wowote. Olov Hedberg, Mswidi aliyeanza kuichunguza mimea ya milima mirefu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, aliliona jambo hili kuwa ndilo linaloitawala mimea yote ya huko juu. Mmea usioweza kupumzika kwa miezi unahitaji kustahimili kila siku. Alchemilla hustahimili kwa kujibana karibu na ardhi, kwa kuhifadhi majani na ala zake zilizokauka zikilifunika shina, na kwa kusongamana hadi katikati ya zulia pakawa na joto kidogo na unyevu kuliko nje. Ndiyo maana huwa na majani mwaka mzima, masika na kiangazi.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye uzazi wake, kwa sababu unaigusa kazi yako. Kila waridi la aina moja shambani kwenu ni nakala. Mkulima hapandi mbegu ya waridi. Anachukua kipande cha tawi au kichipukizi, anakibandika kwenye shina la mizizi, na kila ua linalotoka linafanana na mama yake hadi kwenye kivuli cha rangi. Angepanda mbegu, kila mche ungekuwa na sura yake. Alchemilla za Ulaya zimepata njia ya kufanya unakili huo huo kwa mbegu. Yai haliungani na chavua. Linakua lenyewe kuwa kiinitete, na mche unaotoka una vinasaba vya mama yake tu. Msomi wa Uswidi, Svante Murbeck, aliliandika jambo hili kuhusu Alchemilla mwaka 1901. Chavua za nyingi kati ya hizo ni mbovu, hazifai kitu. Kromosomu zake nazo ni nyingi ajabu: spishi nyingi za Ulaya zina kati ya 96 na 110 kwenye kila seli, wakati sisi binadamu tuna 46.

Matokeo yake ni tabu kwa wanaoainisha mimea. Mabadiliko madogo yakitokea kwenye mmea mmoja, kama nywele kupungua kwenye kikonyo, hayachanganyiki tena na wengine. Yanarithiwa yalivyo, kizazi hadi kizazi. Mtaalamu mmoja anaita hiyo spishi mpya, mwingine anakataa. Ndiyo sababu ukisoma kitabu kimoja unaambiwa jenasi hii ina spishi mia kadhaa, na kingine kinakaribia 1,000. Mimi naona wanaogawa kupita kiasi wanatuchosha bila faida kubwa kwa anayetaka kuujua mmea. Jambo la kushika ni kwamba jenasi, kwa maana yake pana, ina matawi manne: la Ulaya na Asia; la Afrika, ambalo ndilo la kwetu na linajitegemea kwa vinasaba; la milima ya Amerika, ambalo kwa kawaida lina stameni mbili; na lile la magugu ya mwaka mmoja, lenye stameni moja.

Spishi za Kilimanjaro zina historia yake ya kuandikwa. Harry Johnston, Mwingereza, alikaa mlimani mwaka 1884, kwanza Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara na ndiye mwenye jina la kituo cha kwanza cha njia ya Marangu. Mimea aliyokusanya ilipelekwa Kew, bustani ya mimea ya Uingereza, na huko mtaalamu wa mimea Daniel Oliver akaiandika kisayansi, zikiwamo A. johnstonii na A. argyrophylla. Miaka michache baadaye, kati ya 1892 na 1894, Mjerumani Georg Volkens alikusanya mimea akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Marangu, na jina lake likabaki kwenye A. volkensii. Majina ya Wachagga waliowaongoza na kuwabebea vikapu hivyo vya mimea hayamo kwenye majina ya spishi hizi. Nalisema hili kwa sababu mdogo wako anafanya kazi ile ile, kwenye njia ile ile.

Miba na harufu nitapita upesi. Mwiba wa waridi ni tokeo la ngozi ya shina, ndiyo maana ukiusukuma kwa kidole gumba unabanduka bila kung'oa mti. Ni sifa ya waridi na baadhi ya jamaa zake, kama zile raspberi za mwituni zinazokwaruza miguu ya wapandaji kwenye msitu. Stroberi haina, tufaa la bustanini halina. Na harufu, wewe unajua kuliko mimi ni mawaridi mangapi ya biashara yamepoteza harufu yake na bado yanauzwa kwa jina la waridi.

Familia hii ina wengine mlimani, na ni vizuri mdogo wako awajue anapopanda. Msituni yupo Prunus africana, mti mkubwa ambao gome lake likikwanguliwa lina harufu ya lozi; gome hilo huuzwa nje kwa dawa za tezi dume, na kwa sababu ya kuchunwa ovyo mti umewekwa tangu 1995 kwenye orodha ya kimataifa inayodhibiti biashara yake. Juu zaidi, karibu na mwisho wa msitu, yupo Hagenia abyssinica, ambayo baadhi ya watu huiita mdobore, yenye vishada vikubwa vya maua vinavyoning'inia, vyekundu kwa miti ya kike na vya rangi ya chungwa iliyofifia kwa ya kiume. Petali zake nazo ni ndogo mno, karibu hazipo. Kwa undugu, huyu Hagenia yuko karibu na waridi kuliko Prunus alivyo, ingawa kwa kuangalia ukubwa wa miti mtu angedhani hao wawili ni pacha.

Mdogo wako asichanganye Alchemilla na mimea miwili inayofanana nayo kwa jani. Wa kwanza ni Geranium, ambaye jani lake limegawanyika kama kiganja, lakini stipuli zake hazikuungana na kikonyo, ua lina petali tano za rangi ya waridi au nyeupe zinazoonekana wazi, na tunda limechongoka kama mdomo wa ndege. Wa pili ni Hydrocotyle wa msituni, mwenye jani la duara na shina linalotambaa, lakini hana ala ya kufunga shina, na maua yake hukusanyika kwenye kifundo kidogo kimoja.

Kuhusu kuuotesha nyumbani, jibu langu ni usichukue. Mlima ni hifadhi ya taifa, na kuchimba au kuchuma mmea humo bila kibali ni kosa kisheria. Mgumu akikutwa na mmea kwenye begi anaweza kupoteza kazi. Hata sheria isingekuwapo, ningekukataza. Usa River ni joto kwa mmea uliozoea kupoa kila usiku na mizizi yake kukaa kwenye udongo baridi wenye maji yanayotembea. Utaoza au utakauka. Kuna spishi ya bustani kutoka upande wa Uturuki na Kaukazi, A. mollis, inayouzwa kwa mbegu kwenye nchi za baridi, na wafungaji wa maua huko huitumia kujazia shada kwa sababu ya kijani chake cha njano. Ukiagiza mbegu zake, pita njia halali za ukaguzi wa mimea, na usizipeleke karibu na mlima. Tayari kuna nyasi za Ulaya, Poa annua, zilizofika juu sana pembeni mwa njia ya Marangu zikiwa zimebebwa na viatu na mizigo. Ukitaka ndugu wa Alchemilla nyumbani, panda stroberi kwenye kivuli cha nusu siku. Utapata sepali za nje, stipuli, matone ya alfajiri, na matunda ya kula.

Na mtu akikuuzia majani haya kama dawa ya akina mama, achana naye. Ulaya huyanywa kama chai kwa desturi ya zamani, lakini hiyo ni mimea yao, na desturi si kipimo cha dozi.

Kama mdogo wako anataka nimthibitishie spishi, picha nne zitatosha: zulia zima pamoja na mahali lilipo, jani moja kutoka juu na upande wa chini, pale kikonyo kinaposhikana na shina, na kishada cha maua kwa karibu kabisa, simu ikiwa imetulizwa juu ya jiwe. Aandike mwinuko na kama ardhi ni ya maji au kavu. Na siku ukipata nafasi, wewe mwenyewe uko karibu na Ngaramtoni, ilipo Herbaria ya Taifa chini ya mamlaka ya afya ya mimea. Humo imehifadhiwa mimea ya nchi yetu iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Omba wakuonyeshe kabati la Rosaceae, na uende na lenzi.